Trekta la Babu Lilipogoma Kunyanyua

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na udongo uliolowa mvua ya kwanza hunirudisha uani kwetu Ngonga, msimu ule trekta la babu lilipogoma kunyanyua plau. Babu alipofariki alimwachia mama yangu trekta hilo, kwani ndiye mtoto wake aliyelipenda kuliko wote. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebabuka, lakini injini bado iliunguruma hadi bata wakakimbia. Kilichokufa ni ile mikono miwili ya nyuma inayobeba plau kwa nguvu ya oili. Mama akivuta wenzo, mikono ilitikisika kidogo, kisha ikalala. Na plau lisiponyanyuka, trekta haliwezi kugeuka mwisho wa shamba wala kuvuka barabara.

Ardhi yetu ni ya mfinyanzi. Ukichelewa kulima, maji yanakuwahi, na mpunga unausubiri hadi mwakani. Majirani waliotutegemea walipita kila asubuhi kuuliza habari za trekta kama wanavyouliza za mgonjwa. Baba alikuwa amekata tamaa. "Chombo cha kuzama hakina usukani," alisema. "Wiki hii ikiisha hivi hivi, namwita mnunuzi wa vyuma chakavu." Mama alikaza kanga kiunoni, akamjibu, "Baba Tumpe, usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Tumpe ndiye mimi. Nilijificha nyuma ya migomba nikalia, maana kwangu kuuza trekta lile kulikuwa sawa na kumzika babu mara ya pili.

Mama akamwita mdogo wake, mjomba Gwakisa, aliyekuwa akiuza vipuri Karonga, ng'ambo ya mpaka. Alipofungua nati ya chini, oili ilitoka na rangi kama ya chai ya maziwa. "Dada, limekunywa maji hili!" akasema, na sisi watoto tukacheka hadi tukashika mbavu. Walimwaga yote, wakaosha chujio kwa dizeli, wakajaza oili mpya. Mikono ikapanda! Tulipiga kelele, lakini kabla hatujamaliza, ikaanza kushuka polepole, kama mzee anayetafuta kigoda. Baba akatikisa kichwa. Mama hakutikisika. "Kama inapanda, pampu ni nzima," alisema. "Inavujia ndani. Tufungue."

Waling'oa kiti na mfuniko mzito ulio chini yake, wakaichomoa pistoni inayoisukuma mikono ipande. Mpira unaoizunguka ulikuwa umepasuka. Mjomba aliutia mfukoni, akarudi Karonga kutafuta wa kufanana nao, na kutwa nzima tuliyatazama mawingu yakijikusanya juu ya milima ya Livingstone. Alirejea jioni, amelowa, anacheka, ameuinua mpira mpya juu kama samaki mkubwa. Asubuhi mama aliuloweka katika oili ya moto ili ulainike, akausukuma mahali pake kwa vidole vitupu, asiukwaruze kwa chuma.

Walipomaliza kufunga, bibi Tusekile, mjane wa babu, alilaza ubao juu ya ile mikono, akaukalia. "Ninyanyue!" aliamuru. Mama akasita. "Mama, utaanguka." Bibi akamkazia macho. "Mume wangu hakununua kitu cha kuniangusha mimi."

Mama akavuta wenzo. Bibi akapanda taratibu, juu, juu zaidi, miguu ikining'inia. Injini ikazimwa, tuone kama mikono itashuka tena. Hakushuka. Alikaa pale akicheka hadi kilemba kikamdondoka. "Ndaga fijo!" alimshukuru mama, akamshukuru mjomba, akaligeukia na trekta akalishukuru pia. Vigelegele vikapasua anga. Baba ndiye aliyemshusha bibi, kisha akamuuliza mama kwa sauti ya upole, "Mama Tumpe, kesho tunaanza na shamba la nani?"

Trekta la babu limekwishazeeka; siku hizi napiga simu, la kukodi linakuja, na shamba limekwisha kulimwa kabla jua halijawa kali. Silalamiki, mgongo wa mama ungeifurahia sana raha hii. Lakini msimu uliopita nilimtazama dereva akinyanyua plau kwa kidole kimoja, akaondoka zake, na hakuna aliyesimama pembeni kushangilia. Nikagundua sikujua hata jina lake. Nikamkimbilia huku nikipunga mkono, matope yakinifika magotini, nikamwambia azime injini kwanza, chai iko tayari.