Nilivyokabidhi Mkoba wa Gofu

Mpwa wangu alitangaza uamuzi wake mezani, Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwetu Rooty Hill, magharibi ya Sydney, Australia. Tulikuwa watatu: yeye, mama yake ambaye ni dadangu, na mimi. Shemeji huendesha lori la mizigo kutoka Sydney hadi Perth, kwa hiyo siku nyingi kiti chake huwa kitupu. Binti alisukuma sahani yake ya ugali kando, akasema anaacha gofu ya ridhaa. Kuanzia mwezi ujao angekuwa mchezaji wa kulipwa.

"Na chuo?" dadangu akauliza. Binti alikuwa mwaka wa pili, akisomea tiba ya viungo.

"Nimeshaongea nao. Watanishikia nafasi." Alijibu kwa Kiingereza, kama anavyotujibu siku zote. Kiswahili anakisikia chote, ila kutoka mdomoni ndiyo shida. "Mami, kwenye ridhaa nimeshinda karibu kila kitu. Nikibaki nitazeeka nikiwapiga watoto."

"Wakiniuliza kanisani binti yako anafanya kazi gani, niseme nini?"

"Sema anacheza gofu. Ni kazi."

Dadangu ni nesi, na kwake kazi ni kitu chenye sare na zamu. Alinigeukia mimi nimsaidie. Mimi nikaangalia sukuma wiki.

Niseme wazi kwamba nilikuwa upande wa binti. Kazi yangu ni ya ghala kule Mount Druitt, shifti ya mchana, na asubuhi zangu ziko huru. Ndivyo nilivyojikuta mbeba mkoba wake tangu akiwa shule ya msingi, mimi ambaye kule Nakuru niliamini gofu ni mchezo wa majaji na mameneja wa benki. Shule yao ilipeleka watoto kwenye uwanja wa umma siku moja tu. Wenzake walichoka, wakakaa kivulini kula aiskrimu. Yeye, na viatu vyake vya netiboli, alibaki akipiga mpira mpaka mwalimu akaja kumtoa. Baada ya hapo hakukuwa na Jumamosi nyingine aliyoshinda nyumbani. Mvua ikinyesha, alivaa koti la baba yake akaenda. Jua la Januari likiwaka mpaka lami inanata, alitia maji kwenye chupa akaenda. Sikuwahi kumwamsha. Mara nyingi yeye ndiye aliyenigongea mlango.

Mashindano yake ya kwanza ya kulipwa yalichezwa kaskazini ya jiji, upande wa baharini, kwenye uwanja wenye nyasi laini kiasi kwamba niliona aibu kuzikanyaga. Nilikuwa nimezoea mashindano ya ridhaa, ambapo wasichana hucheka wakitoka shimo moja kwenda jingine, na wazazi hugawana sandwichi. Hapa watu hawakuwa wabaya, walikusalimu vizuri, lakini kila mmoja alikuwa kazini. Hata mtu akipiga mpira wa ajabu hakuna aliyeruka. Waliinama, wakachukua mkoba, wakaendelea.

Siku ya kwanza alicheza vizuri. Siku ya pili ndiyo ya mchujo: wanaofanya vizuri wanabaki hadi mwisho wa juma, wengine wanarudi kwao. Tulifika shimo la mwisho tukijua kwamba akilimaliza bila kuzidisha mikwaju ya kawaida, amepita. Mpira wake ulikuwa umelala kwenye nyasi ndefu, na mbele yetu kulikuwa na bwawa. Angeweza kuupiga kando kidogo, kisha auvushe kwa mkwaju unaofuata. Au auvushe hapo hapo.

"Anko, naweza kuvusha?"

"Unaweza," nikasema.

Nyasi zilishika fimbo. Mpira uliruka chini chini, ukaingia majini karibu kabisa na ukingo, na mpira wa majini huongezewa mkwaju wa adhabu. Alikosa kupita mchujo kwa mkwaju mmoja.

Aliwapa mkono aliocheza nao, akamshukuru mzee aliyekuwa amebeba ubao wa matokeo, akaenda kutia sahihi kadi yake. Ndani ya gari nilisubiri alie. Alisema tu, "Tupitie Blacktown, nina njaa ya kuku na chipsi."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa nyuma ya nyumba tukiosha fimbo zake, kila mtu na brashi yake, ndoo ya maji ya sabuni katikati. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi. Akaacha kusugua.

"Anko, nina jambo, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe."

"Sema."

"Mashindano yajayo nitachukua mtu mwingine wa kunibebea. Mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake."

"Ni kwa sababu ya ule mpira wa bwawani?"

"Hapana. Ule niliupiga mimi." Macho yake yalijaa machozi, lakini hakuyaondoa usoni pangu. "Miaka yote nikikuuliza kama naweza, unasema naweza. Nimefika hapa kwa sababu hiyo. Sasa nataka mtu wa kuniambia siwezi."

Fimbo niliyokuwa nayo ilikuwa imeshang'aa, lakini niliendelea kuisugua. Iliniuma, siwezi kudanganya. Lakini hata pale pale nilimstaajabia. Katika nchi hii nimeachishwa kazi mara mbili, zote kwa ujumbe wa simu, na wakubwa walionizidi umri. Huyu wa miaka ishirini alipiga magoti mbele yangu, akasema sababu yake, kisha akanisubiri.

"Huyo mtu ana mgongo mzuri?" nikauliza. "Mkoba wako ni mzito."

"Anatumia kigari."

"Kumbe kuna vigari!"

Akacheka, na mimi nikacheka.

Wiki chache baadaye niliomba ruhusa kazini, nikaenda kutazama nikiwa nje ya kamba pamoja na watu wengine. Mbebaji mpya alikuwa mwanamke mfupi kutoka Newcastle, aliyewahi kucheza mwenyewe, anatafuna chingamu bila kupumzika. Kabla hawajaanza alinifuata.

"Wewe ndiye anko? Niambie, akianza kuharibu, huwa ni hasira au njaa?"

"Njaa," nikamwambia. "Ukiona amenyamaza, mpe ndizi. Usimuulize kama anataka, atakataa."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuongeza ndizi mkobani.

Siku hiyo nilimtazama mtoto wetu akipiga, kwa mara ya kwanza kabisa. Nilipokuwa mbebaji, macho yangu yalifuata mpira, nijue umeangukia wapi. Sasa niliona jinsi anavyotulia, mabega yakishuka, na jinsi mwili mzima unavyozunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Mama mmoja kando yangu alinong'ona, "Huyu ni nani?" Nikasogea ili aone vizuri.

Siku ya mchujo, mpira wake uliingia nyuma ya miti. Alionyesha pengo kati ya matawi. Yule mwanamke akakataa kwa kichwa. Walibishana, sikusikia maneno, lakini niliona mpwa wangu akishika kiuno kama mama yake. Halafu akachukua fimbo fupi, akautoa mpira kando, akamaliza shimo bila hasara. Akapita mchujo. Jumapili, mashindano yalipokwisha, alikuwa katikati ya orodha, mbali na mshindi, na Jumatatu asubuhi akapanda ndege kwenda Queensland kwa mashindano mengine.

Mchana huo msimamizi wangu ghalani aliniuliza amekuwa wa ngapi.

"Katikati," nikasema.

"Katikati tu?"

"Katikati ya watu wanaoishi kwa kazi hiyo."

Akaomba kuona picha. Nilikuwa nazo nyingi, na forklifti za kuinulia mizigo zilisubiri.