Diski ya Michezo na Majina ya Watoto wa Namatala

Mwanangu, jana ulinionyesha ile kompyuta ndogo ya michezo unayoiunda, ukaniuliza ununue diski ipi ya kuhifadhia vitu ndani yake: kubwa iliyotumika, au mpya yenye nafasi ndogo. Sikukujibu upesi. Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya, na walioumia ni watu wengine.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana Jinja, nimepanga chumba mtaa wa Nalufenya. Nilikuwa na kompyuta fupi ya kulazwa mezani, na ndani yake diski ilikaa moja tu. Mchana niliwapigia watu chapa barua zao. Jioni majirani walikuja kucheza mbio za magari, na kelele zao, nakiri, nilizipenda kuliko kazi.

Shangazi yangu Zamu, mkunga aliyekwisha kustaafu, aliishi Namatala, kule Mbale. Alikuwa na daftari la watoto wote aliowapokea mtaani: jina, mama, siku ya kuzaliwa. Wengi wao hawakuwa na karatasi nyingine yoyote. Mchwa walipoanza kulila, akanipa nilipige chapa. Nikaingiza yote kwenye kompyuta, nikamwambia kwa majivuno, "Shangazi, yako salama sasa. Huku mchwa hawafiki." Akaniamini. Kilichobaki cha daftari akawashia sigiri, jiko lake la makaa.

Michezo ikaongezeka, diski ikajaa. Nikaenda mjini kwa fundi mmoja, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande. Akaniwekea mbili mezani: ndogo mpya, na kubwa iliyotolewa katika ofisi fulani. Akaiwasha ile kubwa.

"Sikiliza, bwana. Hii inagonga. Kwa mchezo tu, sawa. Kama una kitu cha maana, chukua hii mpya."

Niliusikia mlio wenyewe, tik, tik, kama kucha juu ya bati. Lakini nilikuwa nawaza magari. Nikachukua kubwa. Akanihamishia kila kitu, na diski yangu ya zamani nikamwachia, naye akaifuta ili ampe mteja mwingine.

Wiki chache baadaye ile kubwa ilisimama katikati ya mchezo. Afande aliifungua, akatikisa kichwa. "Imekufa, bwana. Pole."

Nilikwenda Mbale mwenyewe kumwambia shangazi.

"Nambozo, yule binti wa nyuma ya nyumba, shule inataka siku yake ya kuzaliwa," akasema. "Nimemwambia akungoje wewe."

Akanimiminia chai.

"Sina ugomvi na mchezo wako, Ramadhani. Vijana wacheze. Lakini vitu vya watu uliviweka pale pale unapochezea, na ulijua panagonga. Maliza chai, ukanunue daftari."

Tulizunguka Namatala nyumba kwa nyumba, siku nyingi. Yeye alikumbuka kwa mvua, kwa misiba, kwa paa la nani liling'olewa na upepo. Kina mama wakaongezea, mimi nikaandika. Siku ya Nambozo ilipatikana. Ila kijana mmoja, Wafula, mama yake alikuwa amefariki. Shangazi alikaa kizingitini kwake muda mrefu, akijaribu kukumbuka.

"Nilikupokea mimi," akamwambia, "lakini siku yenyewe imenitoka."

"Si kitu, mama," Wafula akajibu, akageuza uso.

Ilikuwa kitu, mwanangu. Hadi leo, kwenye kila fomu, anajaza tarehe ya kubuni.

Basi jibu langu ni hili. Pima kwanza nafasi iliyomo ndani ya hiyo kompyuta yako, maana kompyuta ndogo haipokei kila diski. Zikiingia mbili, kubwa iwe ya michezo. Ikifa, michezo utaitafuta tena. Mpya, hata ikiwa ndogo, iwe ya vile visivyopatikana tena: picha za bibi yako, kazi za watu, majina. Ikiingia moja tu, chukua mpya, uvumilie kuwa na michezo michache. Na hivyo vya thamani uvinakili mara ya pili, nakala ikae nyumba nyingine kabisa. Diski ikikugongea, usibishane nayo.

Nenda kaiunde kompyuta yako, ucheze na wenzako mcheke. Mungu akupe mikono mitulivu na masikio yanayosikia mapema, na wanaokuamini wasijute kamwe kukukabidhi vitu vyao. Amina.