Kantri Upande Wao, Soul Upande Wetu

Ng'ombe wa mahari hawakutusumbua. Wazee wa pande mbili walimalizana nao kule nyumbani Kenya, na sisi wa Minneapolis tukaachiwa harusi yenyewe. Bwana harusi alikuwa mwenzangu wa nyumba. Kwa kuwa hakuwa na baba wala mjomba upande huu wa dunia, aliniteua niwe msemaji wake. Sifa zangu zilikuwa mbili: nilikuwa na suti, na niliwahi kumbana muuza magari mmoja wa Kimarekani mpaka akaomba ruhusa akanywe maji.

Bibi harusi alikuwa na ndugu mmoja tu Marekani, baba yake mdogo, aliyeishi Anoka, mji wa jirani, na kufanya kazi hospitalini. Ndiye angemshika mkono kumwingiza kanisani. Akikataa, binti angeingia peke yake, na kwa watu wa kwao hilo halina tofauti na kutoroka.

Mimi na maharusi tulimwendea Jumamosi, tukavua mabuti mlangoni, tukapewa chai. Mzee alikuwa amevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe, ndani ya nyumba. Alimaliza kikombe chake, akasema, "Nina neno moja dogo."

Mtu akiniambia neno lake ni dogo, huwa nakaa vizuri kwenye kiti.

"Nikimwingiza huyu mtoto, tunaingia na muziki wa kantri. Marehemu kaka yangu alikuwa akifungulia redio kila Jumapili baada ya kanisa. Huyu amelelewa na huo muziki."

Binti alikuwa jikoni, ila masikio yake yalikuwa sebuleni. "Baba mdogo, siingii kanisani na mwimbaji anayelilia lori lake. Mimi nataka muziki wa soul."

"Soul ni ya kuchumbiana. Hapa tunaoana."

"Basi ingia na huyo bwana wa lori."

Mzee akasukuma kikombe. "Basi atafutwe mwingine wa kumwingiza."

Rafiki yangu alinitazama kama mtu aliyesahau mkoba kwenye basi. Nikaomba wiki moja.

Karibu na chuo kikuu kulikuwa na duka la kaseti zilizotumika. Nilipomweleza muuzaji shida yangu, alicheka, akanitolea kaseti ambayo katika kila wimbo mwimbaji wa kantri ameimba na mwimbaji wa soul. Kumbe wenye muziki walishapatana zamani, tuliobaki kugombana ni sisi. Nilimwomba anipunguzie kwa kuwa nilihitaji wimbo mmoja tu. Akasema kaseti haikatwi kama nyama.

Niliuchagua ule ambao bwana wa kantri anaanza taratibu na gitaa lake, halafu mama wa soul anapokea. Nikahesabu beti za kila mmoja, nikarudia kuhesabu. Zilikuwa sawa.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Anoka, na mzee akasikiliza kofia ikiwa magotini. Sauti ya mama wa soul ilipoingia, akainua kidole.

"Huyu ni nani?"

"Mgeni wa huyo bwana."

"Mgeni gani anaingia na sauti kubwa hivyo?"

"Ameitwa, mzee. Hakujialika."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza tena, kisha akatoa masharti: kwenye kantri binti ni wake, mama akianza tu anamkabidhi kwa mumewe. Binti alikubali. Tukapeana mikono, nami nikajiona mtu mkubwa.

Kosa langu ni kwamba sikuipima njia ya katikati ya kanisa, wala sikuuliza mzee hutembea vipi. Siku ya harusi, bwana wa kantri alimaliza mzee na binti wakiwa bado katikati ya viti. Mama wa soul akaanza. Mzee akasimama palepale, mkono wa binti umebanwa kwapani.

"Baba mdogo, tembea."

"Subiri kidogo. Ndiyo kwanza anaanza."

Mchungaji alinitazama. Bwana harusi alinitazama, maana makubaliano yalikuwa yamevunjwa mbele ya kanisa zima na mimi ndiye msemaji. Lakini mzee alikuwa amefumba macho, anaufuata wimbo kwa midomo, ubeti wa yule mama. Binti akaacha kumvuta. Nikajifanya natafuta kitabu cha nyimbo chini ya kiti.