Nailoni niliyoiacha ndani ya kompyuta

Leo nimemkatisha marehemu bibi akiongea.

Mnanijua, fundi wa Mbulu nzima! Kompyuta nimeiunga mwenyewe, bila mwalimu.

Babu katoka kijijini Dirma kuja kuona video ya bibi.
"Shikamoo babu, kaa hapa, utamwona kama yupo."

Bibi akatokea. Akafungua mdomo...
Kompyuta ikazima!

Nawasha, inazima tena. Imechemka kama chungu.

Nikafungua. Kumbe ile nailoni ya chini ya feni inayopoza prosesa, ubongo wa kompyuta, ndiyo inazuia joto lisitoke! Niliiacha makusudi. Kwetu hata rimoti haivuliwi nailoni, ili ikae mpya.

Babu akaniangalia. "Kumbe ulimfunga bibi yako nailoni asiongee?"

Nimebandua, bibi kaongea. Babu hataki kuondoka.

Ninayetaka kuondoka ni mimi. Haya, chekeni.