Makabidhiano ya Koridoni

Binti yetu alifikisha miezi mitano bila kulala kitandani zaidi ya dakika kumi. Mikononi alilala vizuri, tena kwa kukoroma kidogo. Ukimlaza tu, hata kwa uangalifu wote, macho yalifunguka na kilio kikaanza. Siku hizi ni msichana mrefu kuliko mama yake, na kumwamsha aende shule ni kazi. Lakini majuma yale machache kabla ya mvua ndiyo ninayoyakumbuka kuliko miaka mingi iliyofuata.

Likizo ya uzazi ya mke wangu ilikuwa imekwisha. Alikaa mapokezi kwenye zahanati, na siku ya tatu kazini alisinzia kalamu ikiwa mkononi. Ndipo mama yake akaja kutoka kijijini, upande wa Mvumi, kutusaidia. Nyumba yetu ya kupanga mjini, mtaa wa Area D, ilikuwa na vyumba viwili vinavyotazamana, korido nyembamba katikati. Tulimpa chumba kimoja, mtoto akawa analala naye. Masharti yake aliyataja jioni ile ile akiwa jikoni, nami nikiwa sebuleni, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie baba mtoto, nipo mpaka mvua ya kupandia. Ikinyesha na huyu hajajua kulala, naondoka naye, na wewe mama yake unafuata. Kule kwetu migongo ya kumbeba ni mingi."

"Na kazi yangu, mama?"

"Kazi gani, ya kusinzia?"

Hakuniambia mwenyewe kwa sababu mimi ni mkwe. Kwa desturi tuliyolelewa nayo sote, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wengi mjini wameilegeza. Yeye hakuilegeza, na mimi sikutaka kumtangulia. Shikamoo yangu niliitoa nikitazama pembeni, na mengine yote yalipita kwa mke wangu.

Mimi ni fundi umeme. Chuo sikupita, nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kupigwa shoti. Nimezoea kutafuta hitilafu kwa kubadilisha kitu kimoja, kuandika, na kusubiri. Kwa hiyo nilianza daftari la usingizi. Chumba cha pili nisingeweza kuingia, basi nilisikiliza nikiwa nyuma ya mlango wangu. Kilio niliandika "macho", kimya niliandika "usingizi". Baada ya siku tisa daftari lilionyesha kwamba kuanzia saa mbili usiku mtoto hulala kwa muda wa saa tatu mfululizo. Nilimpa mke wangu kwa fahari kidogo, akalisoma kwa sauti jikoni.

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwambie baba mtoto, huyo hajalala kitandani hata usiku mmoja tangu nije! Saa hizo yuko mgongoni kwangu, natembea naye chumba kizima. Goti lenyewe ndilo hili, limevimba kama kiazi."

Siku tisa nilikuwa nimepima kimya. Usingizi sikuwa nimeupima hata kidogo.

Kwa ajili ya goti lile nilijitolea kupokea zamu mimi mwenyewe saa mbili na nusu, ili mke wangu aendelee kulala. Ugumu ulikuwa kumpokea mtoto. Mke wangu angeweza kusimama katikati yetu, lakini yeye ndiye tuliyetaka apumzike. Mama mkwe alipata njia: angetandika mkeka koridoni, amlaze mtoto, arudi chumbani na kufunga mlango. Nikisikia komeo, nitoke nimchukue.

Usiku wa kwanza mtoto alipiga kelele tangu mgongo wake ulipogusa mkeka. Nilitoka karibu nikikimbia, bila kungoja komeo. Asubuhi nikapata salamu zangu.

"Mwambie baba mtoto, asifungue mlango kabla sijaingia vizuri. Nusura anikute na kanga moja!"

"Umesikia, baba mtoto?" mke wangu aliuliza, akicheka hadi machozi.

Nilikuwa nimesikia. Kuanzia hapo, baada ya komeo nilihesabu hadi sitini. Kila usiku nilisimama nyuma ya mlango wangu nikisikiliza ndara zake, mbeleko ikifunguliwa, maneno mawili matatu ya Kigogo kwa mjukuu, kisha hatua zake zikirudi polepole kwa sababu ya goti. Na tangu alipolazwa hadi nimalize kuhesabu, mtoto alikuwa amelala chali peke yake, macho wazi, watu wawili wakimsikiliza. Hatukukusudia kumfundisha chochote. Tulikuwa tunaheshimiana tu.

Siku ya tano kilio kilishuka kikawa manung'uniko. Siku ya nane niliandika: "Ananyonya ngumi. Halii." Siku ya kumi na moja nilihesabu sitini, nikafungua mlango, nikamkuta anatazama dari. Niliinama nimchukue, kisha nikasita. Kope zilishuka, zikapanda, zikashuka. Nilichuchumaa pale pale.

"Mbona kimya?" sauti ilitoka nyuma ya mlango wa pili. "Umemchukua?"

Hapakuwa na mtu wa kumwambia aniambie.

"Amelala, mama," nilisema. "Hapa hapa mkekani."

"Usimguse," alisema. "Kaa."

Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, na nikasikia naye akikaa upande wake wa mlango. Tulikaa hivyo labda saa nzima, nami sijawahi kuwa karibu zaidi na mtu yeyote wa ukoo ule.

Majuma mawili baadaye mtoto alikuwa akilazwa kitandani macho wazi na kulala mwenyewe. Aliamka mara moja kunyonya, akarudi kulala. Kisha ikaja mvua. Ilipiga bati usiku kucha, na asubuhi mama mkwe alikuwa ameshafunga mzigo wake.

"Mwambie baba mtoto, naenda kupanda uwele. Watu wake namwachia wote wawili. Nikimaliza kuvuna nakuja kukagua, nisikute mtu amekonda."

"Nani, mtoto?" mke wangu aliuliza.

"Wewe."

Niliubeba mzigo hadi kwenye bajaji, nikauweka chini, nikarudi nyuma hatua chache ili aupokee. Hakuupokea mara moja. Alirudi ndani, nami nikafuata kwa mbali, akasimama mlangoni pa chumba. Mtoto alikuwa bado amelala, mikono juu ya kichwa.

"Nimwamshe umuage?" mke wangu alimwuliza.

Alimtazama mjukuu wake kwa kitambo, akajifunga kanga vizuri.

"Umwamshe?" alinong'ona. "Mwache alale." Akatoka kwa ncha za vidole, goti na yote.