Jogoo wa Mama Anande Mnadani

Mtaa wetu pale Kimandolu uliharibika kidogo kidogo. Zilianza kung'olewa balbu za nje, zikafuata nguo kwenye kamba, kisha kuku. Tukawa tunaanua nguo zikiwa mbichi, Jasdeep anafunga duka jua halijazama, na wapangaji wa maana wakahama.

Aliyetunyanyua ni Elirehema, seremala, kiongozi wa ulinzi shirikishi. Mtu mkali, tena anapenda kusikika. Alisema majambazi tuwaachie polisi, sisi tuanze na kuku. Hakuwaandama wezi tu, aliwaandama hasa wanunuzi. Ukikutwa na kitu cha bei ya kutupa na huwezi kusema umekinunua kwa nani, alikusimamisha mbele ya mkutano wa mtaa ujieleze. Tulimnung'unikia, lakini wizi ulipungua kweli, na Jasdeep akaanza tena kufunga usiku. Kazi yote hiyo ilisimama juu ya jina lake tu.

Jumapili ya mavuno ikamkuta hajaandaa sadaka. Akiwa anakimbilia kanisani alikutana na mwanamume asiyemfahamu, ameshika jogoo. Kiongozi wetu wa ulinzi, na ukali wake wote, alinunua chapchap wala hakuuliza kitu.

Baada ya ibada, kama kawaida yetu Walutheri, sadaka za mazao zilipigwa mnada uwanjani. Jogoo wa Elirehema alipoinuliwa, na kidole chake kilichopinda, majirani wote tulimjua. Alikuwa wa mama Anande, mjane aliyemlea jikoni tangu kifaranga, na asubuhi hiyo aliamka akakuta banda tupu. Mimi nilitazama viatu vyangu, nikaona aibu kana kwamba nimemwiba mimi. Mama Anande alipandisha bei mwenyewe, tena na tena, mpaka akampata.

Nyuso zetu zilimwambia Elirehema kila kitu. Alimfuata mama getini, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama. Nisamehe, sikujua. Nikurudishie hela yako."

"Marahaba. Hiyo nimeshamtolea Mungu, hairudi."

"Basi niambie nifanye nini."

"Huyu ulimnunua kwa nani?"

Sisi wote tulikuwa tunasikia, na yeye alijua tunasikia.

Mama Anande alimweka jogoo vizuri kwapani. "Sasa baba," akasema, bila hasira hata kidogo, "nikiibiwa tena kesho, nije kumwambia nani?"