Turubai Lisilo na Matundu

Mama Turubai alikuwa haujui upepo. Ungemwambia hivyo angekurushia mkasi, maana maisha yake yote aliyamaliza akishindana nao. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kando ya barabara kuu ya kutokea mjini, na humo meza ilikuwa ni sakafu yenyewe. Turubai la lori halienei mezani. Hutandazwa chini, na fundi hutambaa juu yake kwa magoti, sindano mkononi, tangu asubuhi hadi wito wa tumbo. Ndiyo maana goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabla yake mwenyewe.

Malori yote yaliyoshika njia ya uwandani, ule uwanda usio na mti wala kilima kati ya mji wake na mji wa pili, yalivaa nguo aliyoishona yeye. Madereva walirudi na masimulizi. Upepo umepindua tela. Upepo umemvua mtu shati akiwa amelifunga vifungo vyote. Mama Turubai aliwasikiliza, akacheka, akasema dereva asiyekuwa na uongo wa kusimulia apelekwe hospitali haraka.

Binti yake wa pekee alikulia juu ya maturubai hayo. Mama alishona, na binti alikuwa na kazi moja tu, matundu. Turubai, kama huna habari zake, halizibwi kila upande. Lazima liachiwe matundu ya upepo kutokea, na kila tundu livishwe pete ya shaba lisichanike. La sivyo upepo ukiingia chini yake hukosa mlango, ukalivimbisha mpaka likapasuka. Mama hakuwahi kushika kitoboleo. "Mimi naziba, wewe unatoboa," alizoea kumwambia mwanawe. "Tukigombana, mzigo unalowa." Binti alipoolewa na kuhamia ng'ambo ya uwanda, ambako sasa ni muuguzi, aliondoka na kitoboleo chake ndani ya sanduku la nguo. Tangu hapo kila turubai likitoka kwa Mama Turubai lilipelekwa mlango wa pili kwa fundi viatu, naye ndiye aliyelitoboa.

Baada ya matanga ya baba, binti alikuja kumtazama mama yake. Akamkuta anainuka kutoka sakafuni kwa kuukumbatia ukuta.

"Mama, hilo goti limekwisha. Funga karakana, uje ukae kwangu."

"Nije nifanye nini? Nikae kwenye kochi kama mto?"

"Upumzike."

"Waliopumzika nawajua walipo. Juzi tu nimempeleka baba yako."

Wakavutana siku nzima. Binti alirithi ukaidi wa mama, na mama hakuwa amegawa wote, alijibakizia wa kutosha. Jioni, akiwa amebanwa kila upande, Mama Turubai akaropoka kwamba kwa binti yake atafika, tena atafika kwa baiskeli, peke yake, avuke uwanda wote, ndipo waone goti la nani limekwisha.

Binti akamtazama, kisha akasema kwa sauti ya kiuguzi, ile isiyopandishwa, "Sawa. Ukifika mlangoni kwangu kwa baiskeli, neno karakana hutalisikia tena kinywani mwangu. Lakini ukipanda lori, hata kwa hatua moja, tunauza kila kitu na unahamia."

Wakapeana mikono. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya marehemu. Enzi za uhai wake aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hajamsalimu mkewe, ndiyo maana mkewe aliipa jina la Mke Mwenza. "Leo tutaelewana tu, wewe na mimi," aliiambia akiijaza upepo. Goti alilifunga kitambaa. Akakusanya blanketi, maji, mikate, pampu, tyubu ya akiba. Kisha akashona kifuniko cha mzigo, na hapo ndipo alipoonyesha ufundi wake. Alichagua kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyokuwa karakanani, akakata kwa upana wa kutosha ili kining'inie pande zote, akashona mshono mara mbili, akapaka nta. Hata chozi lisingepenya. Fundi viatu alikuja kumuaga akamtania, "Jirani, yakikushinda huko, mimi narithi chumba au narithi deni la kukulilia?" Alikuwa akilitazama goti, kifuniko hakukitazama kabisa.

Nyumba za mwisho zilipokwisha, barabara ilipanda kidogo, ikapinda, na uwanda ukafunguka.

Mama Turubai alishika breki. Mjini kwake mbingu ilikuwa kipande baina ya paa na paa, kitu cha kutazama ukitaka kujua kama nguo zitakauka. Hapa ilianzia miguuni mwake ikaenda ikaishia mahali ambapo macho yalichoka kabla yake. Chini yake yalikuwa majani tu, ya rangi ya mkate uliookwa. Halafu akaona kule mbali majani yakilala chini, mstari mrefu, na mstari ule ukija kwake kwa kasi. Aliuona upepo kabla haujamfikia. Hakuwa amewahi kuuona. Ulipomfikia ulimvua kanga ya kichwani ukaipeleka ulikojua wenyewe, na yeye akajikuta ametamka, kichwa wazi, kwa heshima zote, "Shikamoo."

Wale madereva hawakuwa waongo basi. Walikuwa wamepunguza.

Tangu hapo upepo ulikaa usoni mwake. Alikanyaga pedali kama anayepanda ngazi, na Mke Mwenza akasogea kwa maringo yote ya mke mdogo. Usiku alilala katika vibanda vya chai ambako madereva hupumzika, na asubuhi aliamka mwili mzima ukidai haki yake. Lakini hakuwa na hasira, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Kila alipoinua macho kulikuwa na kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuona. Siku moja aliiona mvua nzima, mwanzo wake na mwisho wake, ikitembea peke yake upande wa kushoto huku yeye akiwa juani, mkavu. Alisimama akaitazama mpaka ikatokomea, machozi yakimtoka, wala hakuyaita ya upepo. Alitamani mumewe angekuwepo. Marehemu angesema neno la kipuuzi, naye angemnyamazisha, na wangetazama wote wawili.

Malori yalimpita yakipiga honi. Kila moja alilitambua kwa mshono.

Katikati ya uwanda, siku upepo ulipokuwa mkali kuliko zote, baiskeli ilisimama. Yeye anakanyaga, yenyewe haiendi. Alishuka akaisukuma, ikamvuta nyuma. Nyuma ya tandiko kile kifuniko chake kizuri kilikuwa kimevimba pande zote, kikijaa na kutikisika, na kila kilipojaa kilimrudisha hatua aliyoipata kwa jasho. Yeye aliona ni goti. Goti lilikuwa limefura kama andazi, na akajua, kwa mara ya kwanza tangu aropoke, kwamba binti yake anaweza kuwa amesema kweli.

Ndipo lori la Polepole likasimama. Huyu dereva aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kwenda polepole tangu apate leseni.

"Mama, panda."

"Siwezi. Nimeahidi."

"Nani atakuona huku? Nyasi? Nakushusha kabla ya mji, unaingia kwa baiskeli yako, mambo yamekwisha."

Mama Turubai alitazama barabara mbele, akatazama goti. Aliona karakana ikiwa tupu, sakafu yake imefagiliwa, mtu mwingine ameweka humo duka la simu. Akaona kochi. Kisha akashika mpini wa mlango wa lori, chuma kikiwa cha moto kwa jua, na mguu mzima akauinua.

Akasikia mluzi. Haukuwa mmoja, ilikuwa mingi, mingine mizito na mingine myembamba, ikipanda na kushuka pamoja na upepo.

"Nani anapiga mluzi?" aliuliza, mguu ungali hewani.

"Turubai lako, mama. Upepo ukipita kwenye pete. Linaimba njia nzima, ndilo linalonizuia kusinzia." Polepole akashangaa. "Hukujua?"

Hakujua. Maturubai yake yote yalitoka karakanani yakiwa yamekunjwa, kimya, nayo yalirudi kimya kushonwa viraka. Kumbe huku nje, mwaka baada ya mwaka, kazi ya mikono yake na ya mwanawe ilikuwa ikiimba katika uwanda wote, na yeye amekaa mjini anawacheka madereva. Alishusha mguu chini, akazunguka lori akiligusa turubai lile, akiweka kiganja kwenye kila tundu ausikie upepo ukipita.

Halafu akageuka akakitazama kifuniko chake. Kilikuwa kimevimba, kimenuna, hakitoi sauti. Hakikuwa na tundu hata moja.

"Kinyozi hajinyoi," alisema, akaanza kucheka mpaka akaketi barabarani. Alikuwa amekishona, amekiziba, amekikunja, akakifunga kwenye baiskeli. Kutoboa hakukumjia akilini kwa sababu tangu aanze kazi, kutoboa kulikuwa kwa mtu mwingine.

"Sasa unapanda au hupandi?" Polepole aliuliza.

"Nenda, mwanangu. Mungu akulinde. Na upunguze mwendo."

Lori lilipoondoka alitoa mkasi. Kukata kazi nzuri kunauma, tena kazi yako mwenyewe, na tundu la kwanza alilianza mara tatu. La pili lilikuwa rahisi. Alipomaliza akapanda, na kile kifuniko kikapumua, kikalala juu ya mzigo kwa adabu. Upepo haukupungua wala goti halikupona, ila Mke Mwenza alikwenda. Baada ya muda, nyuma ya mgongo wake, ukaanza mluzi mmoja mdogo, wa kukwaruza, kama wa mtoto anayejifunza. Alikanyaga akiusikiliza. Aliufuata mwendo wake njia yote iliyobaki.

Binti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya saruji mbele ya mlango wake, bado na sare ya kazini, alipoiona baiskeli ikiingia mtaani. Hakukimbia. Alisimama, akaketi tena, akasimama. Mama Turubai alifika mpaka mlangoni, akaligusisha gurudumu la mbele kwenye ngazi ili pasiwe na ubishi, ndipo akashuka, na binti akamdaka kabla hajaanguka.

Hakuna aliyetaja lori wala karakana. Binti alimkalisha, akamfungua goti, akalikanda kwa maji ya moto huku mama akimsimulia mvua ile iliyotembea peke yake, akirudia rudia kwa sababu haikutosha mara moja. "Ni kubwa, mwanangu," alisema. "Sijui nikwambieje. Ni kubwa."

Goti lilipofungwa, binti alitoka kushusha mzigo. Akarudi na kifuniko mkononi, amekunja uso.

"Mama, nani kakitoboa hiki? Kama kimetafunwa na panya."

"Mimi."

"Bila pete?" Aliingiza kidole katika tundu moja, ukingo wake umeanza kuchanika. "Hiki hakikufikishi nyumbani."

Mama akamtazama. Binti naye alikuwa amejisikia akisema "nyumbani". Akakitupia kile kitambaa begani, akaingia chumbani, na ikasikika sauti ya sanduku likivutwa kutoka uvunguni mwa kitanda. Alirudi na kitoboleo na mkebe wa pete za shaba, akatandaza kifuniko sakafuni, akapiga magoti juu yake na sare yake nyeupe.

"Shika upande huo, mama," alisema. "Ukivute. Usikiache kiteleze."